Mwongozo kwa Mhadhiri wa Jiografia Aliyeazimia Ufundishaji

Ikiwa umekwisha kupata shahada yako ya kwanza katika jiografia, na idara imekuita ubaki nayo kama mkufunzi msaidizi, na katika mwaka huo wa kwanza umejihisi kwamba saa unazosimama mbele ya vijana ukawaeleza kwa nini upepo wa kaskazi hugeuka ukawa kusi ni tamu kwako kuliko zile unazokaa maktabani, basi maneno haya yameandikwa kwa ajili yako. Yamkini wakubwa zako wamekwisha kukuambia, kwa wema kabisa, kwamba kufundisha ni sadaka na utafiti ndio mtaji, na kwamba hapana mtu aliyepata kupewa uprofesa kwa sababu ya mihadhara yake. Neno hilo lina nusu ya kweli. Ufundishaji mzuri usioandikwa huondoka na wanafunzi siku ya mahafali, na kamati ya kupandisha vyeo haiwezi kupima kitu kilichokwisha kuondoka. Lakini wako waliouchunguza ufundishaji wao kwa macho yale yale ambayo wanajiografia wenzao waliyaelekeza kwenye mito na miji, wakaandika walichokiona, wakapanda kama wengine. Njia yao ndiyo ninayotaka kukuonyesha.

Ngazi yenyewe haina siri, kwa hiyo nitaipita upesi. Huku Tanzania mkufunzi msaidizi huwa mhadhiri msaidizi akipata shahada ya uzamili, na mhadhiri akipata ya uzamivu; kisha hupanda kuwa mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na mwisho profesa kamili. Kwa jirani zetu majina hutofautiana kidogo, ila mizani ni moja: daraja za chini hupandwa kwa shahada, na za juu hupandwa kwa maandiko yaliyopita mikononi mwa wasomi wengine yakakubaliwa. Aghalabu hupita miaka ishirini au zaidi kati ya shahada ya kwanza na uprofesa, hivyo anayeharakia utajiri ashuke kituo cha kwanza, nauli ikali bado ndogo.

Sharti la mwanzo, nalo ndilo livunjwalo kuliko yote, ni kwamba uwe mwanajiografia kamili kabla hujawa mjuzi wa kufundisha jiografia. Usikimbilie kuandika tasnifu juu ya mbinu za kufundishia hali hujapata kupima mteremko wala kuhesabu kaya za kijiji kimoja, kwa kuwa siku utakapomwambia mwenzako kwamba mhadhara wake juu ya mabadiliko ya pwani hauwafikii wanafunzi, yeye atakuuliza kwanza unajua nini juu ya pwani, na swali lake litakuwa la haki. Mick Healey wa Uingereza, ambaye leo ni miongoni mwa wanaosikilizwa sana duniani katika mambo ya ufundishaji wa vyuo vikuu, alianza kama mtafiti wa jiografia ya uchumi. Na karibu zaidi na sisi yuko Simeon Ominde, profesa wa jiografia pale Nairobi, ambaye elimu yake hasa ilikuwa kuhesabu watu na kufuatilia nyendo zao. Kitabu chake juu ya ardhi na nyendo za watu wa Kenya kilitoka 1968. Hata hivyo tangu 1964, Kenya ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu katika uhuru wake, alikwisha kuwekwa mwenyekiti wa tume ya elimu ambayo mpaka sasa watu huiita kwa jina lake. Mimi sikuona ajabu niliposoma habari hiyo, maana kujua watoto wako wapi, shule ziko wapi, na baina yao pana mto gani usiovukika wakati wa masika, ni kazi ya mtu wa ramani. Kwa hiyo chagua shamba lako, likiwa udongo, au miji, au pwani, au idadi ya watu, ulilime kwa uzamili na uzamivu, wala usiliache hata utakapokuwa na nywele nyeupe.

Utakapofundisha historia ya taaluma yenyewe, utafika kwa Halford Mackinder. Huyu aliteuliwa kufundisha jiografia Oxford 1887, wakati ambapo wengi hawakuamini kwamba jiografia ni elimu inayostahili chuo kikuu, na tarehe 13 Septemba 1899 alifika kileleni mwa Mlima Kenya pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, akitaka, pamoja na mengine, kuthibitisha kwamba mwalimu wa jiografia si mtu wa kiti tu. Waeleze wanafunzi hayo yote bila chuki, lakini usiwafiche kwamba katika msafara ule Wazungu walikuwa sita, na Waswahili walikuwa zaidi ya 60, na Wakikuyu walikaribia mia, na kwamba katika vitabu nilivyosomea mimi hao wote walikuwa neno moja, yaani wapagazi. Kisha waulize ni nani katika kundi lile aliyejua maji yako wapi. Fauka ya hayo, siku ya mhadhara wa kwanza watundikie nakala ya ramani ya al-Idrisi, aliyoikamilisha 1154 kwa ajili ya mfalme Roger wa Sicily, ambamo kusini kuko juu na kaskazini kuko chini. Waache dakika tano waitafute pwani yao wenyewe, na usiseme neno. Nimeona vijana wakipindua vichwa hata shingo zikawauma, na tangu siku hiyo hapana aliyeniandikia tena kwamba kaskazini ni juu.

Sasa nije kwenye kiini cha kazi. Bila shaka unakijua kipimamvua, na unajua kwamba husomwa kila siku saa tatu asubuhi, mvua iwe imenyesha au haikunyesha, msomaji awe na furaha au na msiba, kwa sababu daftari lenye mapengo halina faida kwa mtu yeyote. Nunua daftari la namna hiyo kwa ajili ya darasa lako. Kila mhadhara ukiisha, kabla hujanywa chai na kabla hujafungua simu, andika tarehe, idadi ya waliohudhuria, mahali walipoketi, swali gani liliulizwa na nani hakuuliza, na hasa andika ni katika sentensi gani ya mhadhara wako ambapo macho yao yalizimika, maana kila mwalimu huiona nukta hiyo na karibu kila mwalimu huisahau kufikia jioni. Chora na ramani ya ukumbi. Mimi nilipochora ya kwangu kwa muhula mmoja, niliona kwamba maswali yote yalitoka katika safu nne za mbele na katika ubavu mmoja wenye madirisha, na kwamba ubavu wa pili, uliokuwa chini ya feni mbovu yenye kelele, ulikuwa kimya kama jangwa. Nami kwa miaka mitatu nilikuwa nikiwaita wale wa ubavu wa pili wavivu. Hawakuwa wavivu; hawakuwa wakinisikia. Feni ilitengenezwa kwa bei isiyofika nauli ya kwenda mjini na kurudi.

Daftari hilo ndilo litakalokuonyesha tatizo lililo halisi, tofauti na lile unalolidhania. Kwangu mimi tatizo lilikuwa kontua. Kila mwaka wanafunzi waliandika bila kosa kwamba mistari ya kontua ikikaribiana mteremko ni mkali, na ikiachana ardhi ni tambarare. Lakini nilipowapa karatasi ya ramani yenye kipimo cha 1:50,000, nikawataka wachore sura ya nchi kutoka nukta moja hadi nyingine, wengi walichora mlima mahali palipo na bonde. Walikuwa wamehifadhi kanuni bila kuiona nchi. Nikajaribu kueleza polepole, nikajaribu kueleza kwa sauti, nikajaribu rangi, na daftari likaonyesha kwamba sauti na rangi havikuongeza kitu.

Dawa yake niliipata ufukweni, nami nakueleza kwa urefu kwa sababu waweza kuifanya juma hili ikiwa chuo chako kiko pwani. Chagua siku ya bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, maana maji mafu hayatakufaa. Angalia jedwali la maji kujaa na kupwa, na uwafikishe wanafunzi kwenye ghuba ndogo isiyo na mawimbi makubwa wakati bahari ikianza kutoka. Katika pwani zetu bamvua hushuka kadiri ya meta tatu hata nne kwa muda wa saa sita hivi. Simika majini mti uliotiwa alama kila sentimeta 20, mweke mwanafunzi mmoja autazame, na kila maji yanaposhuka alama moja apige kelele, na wenzake waliojipanga kando ya maji wachome vijiti mchangani pale pale ukingo wa bahari ulipo. Usitumie saa badala ya mti, kwa kuwa bahari haishuki kwa mwendo mmoja. Huanza kwa uvivu, hukimbia katikati, kisha hutulia tena. Ifikapo adhuhuri utakuwa na safu kumi na kitu za vijiti, kila safu ikiwa na kimo chake, na vijana watajionea wenyewe kwamba palipo na mteremko wa matumbawe safu zimebanana, na palipo na mchanga mpana zimetawanyika, na kwamba mahali mkondo wa maji ya mvua ulipokata ufuo mistari yote imejipinda kuelekea nchi kavu. Binti mmoja wa Mkuranga aliniambia siku ile kwamba bibi yake mvuvi wa pweza anazijua kontua tangu utotoni, ila hajui kama zinaitwa kontua. Walio mbali na bahari wanaweza kutumia karai, mlima wa udongo wa mfinyanzi, na jagi la maji yamiminwayo kidogo kidogo.

Fahamu sasa kwamba jambo kama hilo, ukilifanya mara moja, ni siku njema. Ukilifanya mwaka wa pili na wa tatu, ukiwapa wanafunzi swali lile lile kabla ya kwenda na baada ya kurudi, na ukalinganisha na wale waliojifunza ukumbini, na ukaomba idhini yao na kuficha majina yao, limekuwa utafiti, na lina pa kuchapishwa. Tangu 1977 lipo jarida lililoasisiwa na David Pepper na Alan Jenkins katika chuo cha Oxford Polytechnic, liitwalo Journal of Geography in Higher Education, ambalo kazi yake yote ni hiyo. Lisome kwa mwaka mzima kabla hujaliandikia, ujue wameshasema nini, maana si vizuri kugundua upya gurudumu na kulitangaza. Humo utakutana na mduara wa David Kolb, aliouandikia kitabu 1984, usemao kwamba mtu hujifunza kwa kutenda, kisha kulitafakari alilotenda, kisha kuunda fikira, kisha kuijaribu fikira hiyo kwa tendo jipya. Wanajiografia waliupokea kwa furaha kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakifanya siku zote uwandani bila kuupa jina. Utakutana pia na hoja ya Jenkins na Healey kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza asiletewe utafiti kama mtazamaji aletewavyo mchezo, bali aingizwe uwanjani. Hoja hiyo naikubali, kwa sharti moja: mwanafunzi anayekusanya takwimu zitakazoingia katika makala yako ni lazima jina lake lionekane katika makala hiyo. Nimewaona wakubwa waliopanda vyeo juu ya migongo ya madodoso ya watoto wa watu.

Mtihani ndio mahali ambapo azma yote ya mwalimu hufunuliwa. Waweza kufundisha fikira mwaka mzima, lakini ukitunga swali lisemalo taja na ueleze sababu tano za mmomonyoko wa udongo, umekwisha kuwaambia wanafunzi wasome nini, nao watazitafuta karatasi zile za kurithishana ambazo wenyewe huziita madesa, wazimeze usiku mmoja, na asiyezimeza vizuri atakula sapu, yaani mtihani wa marudio, Septemba. Lawama hapo ni ya mtungaji. John Biggs aliandika 1996 kwamba lengo la somo, kazi ya darasani na mtihani sharti vielekee upande mmoja. Jambo dogo kulisema, na gumu mno kulitenda, kwa sababu kusahihisha hoja huchukua usiku mara tatu kuliko kusahihisha orodha.

Nitakupa mfano wa swali. Katika nyanda za juu za Kondoa, ambako makorongo yameikata nchi hata nyumba zikaonekana zimening'inia, serikali ilianzisha 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kuondoka katika eneo lililoathirika. Majani yakarudi, na miaka kumi hivi baadaye wakulima wakaanza kuruhusiwa ng'ombe wachache wa maziwa wa kufugwa zizini. Hadithi hiyo kila mwanafunzi anaijua, na kila mmoja atakuandikia kwamba mifugo mingi ndiyo iliyoiharibu nchi. Sasa waongezee kwamba watafiti waliokuja baadaye, wakichimba tabaka za udongo uliokusanyika mabondeni, walikuta kwamba sehemu ya mmomonyoko ule ni ya kale sana, karne nyingi kabla ya ongezeko la mifugo la zama zetu. Wape kielelezo cha tabaka hizo, wape mvua ya miaka thelathini, wape maneno ya mfugaji aliyehamishwa, kisha uwaulize kama amri ya 1979 ilikuwa ya haki, na kama ilikuwa ya lazima, na kama hayo ni maswali mawili au moja. Hapana desa litakalowasaidia. Nawe soma, kabla ya kutunga, matokeo ya uchunguzi wa pamoja wa Dar es Salaam na Uppsala yaliyochapishwa 1972, ambao Anders Rapp na Len Berry walikuwa miongoni mwa viongozi wake, ili ujue jinsi tope la mto lilivyopimwa kwa subira. Na kitabu cha ramani za Tanzania alichokihariri Berry 1971 kiweke mezani, maana kwa kulinganisha nchi ilivyokuwa na ilivyo bado hakijapitwa na wakati.

Juu ya lugha nitasema jambo ambalo huenda likakuletea ugomvi katika kikao cha idara. Kanuni inasema ufundishe kwa Kiingereza, nawe utaitii. Lakini hakuna kanuni iliyokataza wanafunzi wajadiliane kwa Kiswahili dakika kumi kabla ya kuandika jibu, na daftari langu lilionyesha kwamba dakika hizo kumi ndizo zilizozaa maswali mengi kuliko saa nzima iliyobaki. Usidhani kwamba lugha zetu ni ngazi ya kupandia tu ambayo hutupwa mtu akishafika. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani huko Usambara, aliandika mwaka 1935 fikira ya katena, yaani mfuatano wa udongo kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, fikira iliyopata kuenea duniani kote, naye aliitoa katika vilima vya Tanganyika. Na Wasukuma walikuwa na majina ya udongo wa kila daraja ya mteremko, tangu luseni ulio wa mchanga hata mbuga ulio mweusi. Basi unapofundisha katena, mwite mwanafunzi wa Shinyanga au Kwimba asimame aseme majina hayo, na mwenzake wa Pemba aseme kwao vipi. Yaandike ubaoni sambamba na istilahi za kitabu. Kwa miaka kadhaa utakuwa na kamusi ambayo haipo maktabani.

Madarasa makubwa nayo yana shughuli yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua mlango Oktoba 1961, katika nyumba ya TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini. Leo huenda ukaingia ukumbi wa watu mia nne na kipaza sauti kimekufa. Wagawe katika makundi ya watano watano yasiyobadilika muhula mzima, kila kundi liwe na namba na mahali pake katika ramani yako ya ukumbi, na uulize makundi wala usiulize umati. Zaidi ya hapo sina uganga.

Uwandani ndiko nyumbani kwako, lakini usiende kama watalii. Miezi miwili kabla, peleka barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, na nakala kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Kisha, barua ikishajibiwa, nenda mwenyewe usalimie wazee, maana barua hufungua ofisi lakini haifungui baraza. Jua siku ya mnada na siku ya msiba. Ijumaa usipange kazi ya adhuhuri kwa Waislamu, wala Jumapili asubuhi kwa Wakristo. Wanafunzi wa kike uwaulize mapema, kwa faragha na kwa mdomo wa mhadhiri wa kike, juu ya mahali pa kulala na pa kuogea, na mwenye kilema umpangie kazi ya kweli katika kundi, usimwache garini kulinda mabegi. Wala usidhani kwamba lazima uende mbali. Ukiwa Dar es Salaam, bonde la Msimbazi pale Jangwani, lililofurika vibaya Desemba 2011 na mara nyingine tangu hapo, liko karibu na daladala zote. Na Kunduchi, ambako bahari imeula ufuo na kuta zilizojengwa kuukinga upande mmoja zimeuhamishia madhara upande wa pili, ni kitabu kizima cha jiografia ya pwani kilichofunuliwa. Matokeo ya kazi yarudishwe kijijini kwa karatasi moja ya Kiswahili na ramani moja iliyo wazi. Nilipochelewa kufanya hivyo mwaka mmoja, mwenyekiti wa kijiji aliniuliza mwaka uliofuata, kwa adabu iliyonichoma, kama wale wanafunzi wa mwaka jana walifaulu, kwa kuwa wao kijijini hawakupata habari.

Tangu siku ya kwanza fungua jalada la kupandishwa cheo, na usingoje tangazo. Weka humo muhtasari wa kila somo ulilolitunga na sababu za kulibadili, mitihani pamoja na majibu mazuri na mabaya, taarifa za mtahini wa nje, na barua ya mwenzako uliyemwalika aketi darasani kwako mara mbili kwa mwaka; mwalike asiye rafiki yako. Tathmini za wanafunzi ziweke, lakini usizitegemee peke yake, maana hupanda mwalimu akitoa alama kwa ukarimu na hushuka akiwataka watembee juani. Kamati ikikuambia kwamba maandiko juu ya ufundishaji si jiografia, wakumbushe kwa upole kwamba Ernest Boyer, katika kitabu chake cha 1990, aliutaja ufundishaji kuwa mmoja wa aina nne za usomi pamoja na ugunduzi, uunganishaji na utumizi wa elimu. Kisha uwaonyeshe makala zako za shamba lako la asili, ambazo nilikusihi usiache kuziandika. Mimi makala zangu mbili za kwanza zilirudishwa na kamati kwa maneno kwamba ni habari za darasani. Sikubishana. Niliongeza jedwali la miaka minne, nikaziwasilisha tena na ya tatu juu ya mmomonyoko wa pwani, zikapita zote.

Kwa upande wa fedha, ushauri elekezi utakuja, na utalipa kwa siku kumi kuliko mshahara wa miezi. Kubali mmoja kwa mwaka, ulio katika shamba lako, na uwapeleke wanafunzi wawili wa uzamili wakajifunze. Ukikubali minne, utaanza kumtuma mkufunzi msaidizi akusomee mihadhara, na daftari lako litakuwa na mapengo.

Kuhusu mhadhara wa uprofesa, ambao vyuo vingine humtaka profesa mpya autoe mbele ya jumuiya, ufanye mfupi, na ukipata nafasi uwaite wazee wa vijiji ulivyovipima waketi mbele.

Limebaki jambo moja ambalo vitabu havilisemi. Jioni ya siku ya uwandani, wote wakiwa wamechoka na jua likizama, utahesabu wanafunzi wakiingia garini. Wahesabu tena wakishaketi, na usihesabu vichwa. Ita majina, na mwenye jina aitike mwenyewe kwa sauti yake, maana rafiki humwitikia rafiki. Mimi nilihesabu vichwa, nikapata 43 kama ilivyostahili, gari likaondoka Kondoa, na mwendo wa nusu saa mbele tukagundua kwamba kichwa kimoja kilikuwa cha kijana wa kijiji aliyepanda ili ashuke njia panda, na mwanafunzi wetu alikuwa bado yumo korongoni, akipima.